KOVU HALIRITHIWI

Nina dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu muhula wa kwanza. Nimeona heri nilitoe katika jarida la chama chetu kuliko kuendelea kulimeza.

Chanzo chake ni kipindi cha Kilimo. Mwalimu alikuwa anatufunza jinsi mkulima anavyochagua mifugo wa kuzalisha na jinsi anavyowaondoa kundini wale wasiofaa. Akaandika ubaoni sababu za kumwondoa mnyama: uzee, ugonjwa usiokwisha, maziwa haba, ukali na maumbile yenye kasoro. Hapo jirani yangu wa dawati, ambaye huja kwetu Jumapili na anamjua vizuri mbuzi wa nyanya yangu, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "basi mbuzi wa kina huyu angekuwa ameliwa zamani. Mguu umepinda, chuchu moja haitoi kitu, na bado wanampeleka kwa beberu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kwani nisingecheka ningelia. Mwalimu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Kasoro hizo alizaliwa nazo au alizipata?" Kabla sijafungua mdomo kengele ikalia, na tukaenda chakula cha mchana. Jibu ambalo sikulitoa siku ile ndilo hili.

Mbuzi mwenyewe anaitwa Karembo. Ni mali ya nyanya yangu, mama mzazi wa baba, ambaye sisi humwita Cucu. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi ya Wagikuyu nimepewa jina la marehemu babu. Kwa hiyo Cucu huniita "mume wangu" mbele za watu bila haya, na kazi ya kumtunza Karembo ameniachia mimi, mumewe. Asubuhi kabla ya kuja shule mimi ndiye humkamua, na jioni mimi ndiye humkatia majani ya nepia, kaliandra na mashina ya viazi vitamu.

Sasa sikieni kwa nini Karembo si mbuzi wa kuokotwa tu sokoni Karatina. Hapa kwetu Nyeri wakulima wengi wamefuga mbuzi wa maziwa wa aina ya Alpine kutoka Ujerumani, na chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa nchini, ambacho makao yake yako papa hapa Nyeri, kiliundwa mwaka 1994. Wenzetu wa Meru wao wana Toggenburg wa asili ya Uswisi, ambao shirika la FARM-Africa lilianza kuwaeneza huko mwaka 1996. Mkulima maskini hawezi kununua mbuzi jike wa aina safi. Kwa hiyo humpeleka mbuzi wake wa kienyeji kwa beberu safi wa kikundi. Mwanambuzi atakayezaliwa ni nusu Alpine. Huyo naye akikua na kupelekwa kwa beberu mwingine safi, anayezaliwa ni robo tatu. Wa tatu ni saba kwa nane.

Hesabu ni rahisi, lakini hebu hesabu na miaka. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, na mwanambuzi wa kike inafaa akaribie au apite mwaka mmoja, na awe na mwili wa kutosha, ndipo apandwe. Hata kila kitu kikienda sawa, kutoka mbuzi wa kienyeji hadi wa saba kwa nane ni zaidi ya miaka mitatu. Na mambo hayaendi sawa! Mara azaliwe dume, mara mwanambuzi afe kwa kichomi. Cucu ilimchukua miaka saba kumpata Karembo. Ukimchinja, hukumchinja mbuzi mmoja. Umekula miaka saba ya mwanamke mzee kwa jioni moja, tena kwa kachumbari.

Nije kwenye makovu yenyewe. La kwanza alilipata alipokuwa ananyonyesha uzao wake wa kwanza. Alijaribu kuruka ua kufuata mahindi ya jirani, na waya wa seng'enge ukampasua chuchu ya kushoto. Kidonda kilipona lakini njia ya maziwa ikaziba. Mbuzi ana chuchu mbili tu, si nne kama ng'ombe, kwa hiyo alipoteza nusu ya duka lake.

Kovu la pili nililisababisha mimi. Nilikuwa kidato cha kwanza. Kulikuwa na kiangazi na majani yalikuwa haba, kwa hiyo nilimtoa bandani nikamfunga kando ya barabara ya murami ale nyasi za mtaroni. Uwanjani kulikuwa na mechi. Nilipiga kigingi haraka haraka, mapigo mawili hivi, nikaenda zangu. Kigingi kiling'oka. Bodaboda iliyokuwa imebeba gunia ilikuja kwa kasi, na Karembo akawa katikati ya barabara akiburura kamba. Niliitwa uwanjani nikakimbia kama mwendawazimu. Nilimkuta amelala chini, mguu wa nyuma wa kulia umevunjika chini ya kifundo, na alipouona uso wangu akalia ile sauti yake ya kudai chakula. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Daktari wa mifugo aliunyosha mfupa akaufunga kwa mabanzi na plasta. Wiki saba Karembo alisimama kwa miguu mitatu. Alipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini kwa kupinda kidogo. Jioni hiyo Baba akasema kwa upole kwamba dalali mmoja ametaja shilingi 7,000, na kwamba mbuzi aliyevunjika ni nyama iliyochelewa. Cucu akajibu neno moja kwa Kikuyu ambalo mhariri hatalichapa.

Wapo watakaosema kuwa Baba ana haki. Wanazo hoja, nami nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni ile ya jirani yangu wa dawati: ati mbuzi kilema atazaa vilema. Ndugu zangu, hapa tunachanganya kidonda na ukoo. Mwanasayansi mmoja Mjerumani, August Weismann, alilijaribu jambo hili miaka ya 1880. Aliwakata mikia panya weupe, akawazalisha, akawakata mikia watoto wao, akawazalisha tena. Alifanya hivyo kwa vizazi vitano na kupata watoto zaidi ya 900. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa bila mkia! Na ikiwa panya hawakutosha kukushawishi, jiangalie wewe mwenyewe. Wangapi hapa shuleni wana mama aliyetobolewa masikio? Kuna aliyezaliwa na tundu la herini? Bodaboda haikuugusa ukoo wa Karembo. Iligonga mfupa tu.

Kasoro za kurithisha zipo, tena nyingine hujificha kwa mnyama mzuri wa kupendeza. Mbuzi anaweza kuzaliwa na taya la chini fupi, au na chuchu za ziada. Kuna na hili ambalo wengi hawalijui: watu hupenda sana mbuzi asiyeota pembe, maana hapigi watoto. Lakini ukimpandisha jike asiye na pembe za kuzaliwa kwa beberu asiye na pembe vilevile, baadhi ya wanambuzi ambao wangekuwa majike huzaliwa huntha, wasioweza kuzaa kabisa. Na yuko mkulima mwingine anayemrudisha mwanambuzi wa kike kwa baba yake mzazi kwa sababu beberu huyo yuko karibu na ni wa bure. Ndiyo maana vikundi huhamisha mabeberu kutoka eneo moja hadi jingine kila baada ya muda. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mbuzi hawa wa sura nzuri hawachekwi na darasa, lakini ndio wanaoweza kuharibu kundi zima. Karembo ana pembe mbili, taya sawa, na beberu wake hana undugu naye.

Hoja ya pili ni ya mila. Mzee mmoja wa ukoo wetu alimwambia Cucu kwamba mbuzi mwenye kasoro hafai kitu, na kwamba katika ruracio, yaani mahari yetu, hupelekwi mnyama mwenye dosari. Ni kweli kwamba mwanzo wa ruracio ni mwati na harika, kondoo na mbuzi majike wachanga ambao hawajazaa, na kila mtu hutaka kupeleka walio wazima. Nami naheshimu mila. Lakini mila hiyo inazungumzia mnyama wa kutolewa zawadi. Haikusema mbuzi wa nyumbani aliyeumia atupwe. Tena harika huyo mzima hutoka wapi, kama si kwa mama? Mzee hakuuliza mama yake anachechemea au la.

Hoja ya tatu ni ya Baba, nayo ni nzito zaidi maana ni ya mfuko. Mnyama anakula, lazima alipe. Sawa, tupige hesabu. Baada ya mguu kupona tulingoja miezi kadhaa, na daktari alipokubali, Karembo akapelekwa kwa beberu. Alizaa pacha, wote majike. Wote wawili walisimama kwa miguu iliyonyooka, na kila mmoja ana chuchu mbili nzima. Maziwa ya upande mmoja yalifika lita mbili kwa siku pale yalipokuwa mengi, wakati zamani, pande zote mbili, alitoa tatu. Nusu lita tulikunywa na lita moja na nusu tuliwauzia majirani kwa shilingi 120 kila lita. Hiyo ni shilingi 180 kwa siku kutoka kwa mbuzi ambaye dalali alimthamini kwa 7,000. Piga hesabu utaona kwamba siku 39 zilitosha kulipita neno la dalali. Bintiye mmoja aliuzwa kwa shilingi 18,000, na ndiyo sababu mwaka jana sikurudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Kwa hivyo mnaponicheka, kumbukeni kwamba hata githeri niliyokula siku ile ilitoka kwake.

Basi mpaka hapa utadhani nimeshinda mdahalo. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Ila kuna methali moja ambayo Mwalimu wa Kiswahili alitufunza na imenikosesha usingizi: mwenye kovu usidhani kapoa.

Kovu halirithiwi, lakini kovu linauma. Kusema kwamba watoto watazaliwa wazima ni kuwazungumzia watoto. Mama je? Mimba haibebwi na ukoo. Inabebwa na miguu minne, na wa Karembo mmoja si mzima. Sehemu kubwa ya uzito wa mwanambuzi tumboni huongezeka katika wiki sita hadi nane za mwisho. Akibeba pacha, uzito huo humwangukia wakati mmoja. Mbuzi anayeumwa na mguu huona uvivu kuendea chakula. Asipokula vya kutosha wakati pacha wanadai, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi, damu huharibika, na anaweza kufa pamoja na watoto. Haya yote nimeyapata kwa daktari wetu, si kwa hadithi.

Tena nina la kukiri. Niliwahi kujiuliza kama ninamtetea Karembo kwa sababu anafaa, au kwa sababu kila mwanambuzi mzima anayezaliwa hunisafisha mimi. Kila nikimwona anazaa salama najisemea, "Unaona? Sikumharibu." Huo si upendo kwa mnyama. Huo ni upendo kwa nafsi yangu. Na Cucu, ambaye anampenda kuliko sote, naye siku moja alisema tumpeleke tu kwa beberu maana "akizaa ndipo hufurahi". Nilinyamaza. Mimi ninadhani anayefurahi ni Cucu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mbuzi mwenye makovu asihukumiwe kwa sura, na asisamehewe kwa mapenzi. Kila mara anapoingia joto, na hilo hutokea kila baada ya siku 21 hivi, mwenye mbuzi ajiulize maswali manne.

Kwanza, aliumia wapi? Kama nyonga ndiyo iliyovunjika, njia ya kuzalia inaweza kuwa imebanwa, na huyo asipandwe ng'ombe arudi jioni asipandwe ng'o, hata awe malkia. Mguu wa chini ni jambo jingine. Pili, anasimama? Beberu ni mzito. Mbuzi asiyeweza kuubeba uzito wake mwenyewe hawezi kuubeba wa beberu. Sisi humshika Karembo watu wawili, beberu akishapanda mara moja au mbili anaondolewa, hakuna kumfungia naye bandani. Tatu, kiwele kikoje? Upande uliokauka uwe laini na baridi. Ukiwa mgumu au wa moto, kuna ugonjwa. Na lazima upande mzima utoshe kuwapa watoto dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, katika saa za mwanzo. Pacha wetu tuliwagawia kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira ili mmoja asimnyang'anye mwenzake. Nne, ana maumivu? Mbuzi hasemi, lakini husaga meno, hulala muda mrefu, hukonda akiwa na chakula mbele yake. Jibu likiwa baya kwa swali lolote, jike huyo apumzike, na nchi yetu inayo hata sheria, Sura ya 360, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu.

Nanyi mnaofuga, kuna mambo madogo yasiyogharimu kitu. Kateni kwato mara kwa mara, kwa sababu mguu uliopinda hulisha ukwato upande mmoja. Tandikeni nyasi kavu chini. Shusheni hori, asilazimike kuinuka kwa miguu ya nyuma kufikia majani. Na mkiwafunga nje, jamani, pigeni kigingi mpaka kiingie!

Ninapoandika haya Karembo ana mimba ya miezi mitatu. Maswali yote manne aliyajibu vizuri, na daktari alimpima. Lakini asubuhi za baridi, zile za Julai ambazo ukungu wa Nyandarua hushuka mpaka mlangoni, nimeanza kumwona akiinuka kwa awamu. Magoti kwanza, kisha anapumzika, kisha miguu ya nyuma. Mwaka jana hakuwa hivyo. Nimemwambia Cucu kwamba huu uwe uzao wa mwisho. Cucu aliniangalia kwa muda, akasema, "Mume wangu umekua," akaenda kuangalia moto.

Baba ndiye niliyemwendea kwa woga. Nilimwomba ahadi moja. Nilimwambia, "Baba, siku tutakapoacha kumzalisha, hatakuwa na maziwa wala watoto, na utaniuliza anakula kwa nini. Naomba usiulize. Naomba abaki hapa bandani, nami nitamkatia majani mpaka mwisho." Maana ikiwa kuacha kumzalisha ni kumpeleka bucha, basi mtu yeyote anayempenda atazidi kumpandisha ili tu aendelee kuishi, na huko ndiko kumtesa kwa jina la kumwokoa. Tumemla maziwa miaka yote hii. Fadhila ya punda ni mateke. Yetu isiwe kisu.

Baba hajanijibu. Alisema atafikiria, na kwake neno hilo lina maana nyingi.

Wanafunzi wenzangu, haya ndiyo maoni yangu, na asiyekubaliana nami ajibu katika toleo la mwaka ujao. Ila yule jirani yangu wa dawati nimemwalika Jumapili. Aje aone wanambuzi wakizaliwa muda utakapofika, ahesabu miguu yao, kisha amtazame mama yao usoni kabla hajacheka tena. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Mwalimu wa Kilimo, jibu la swali lako ndilo hilo: alizipata. Na moja kati yake aliipata kwangu.